Ngao ya Dume

Huko Texas nguruwe pori si mnyama adimu. Wanakadiriwa kupita milioni 2, uzao wa nguruwe wa kufugwa waliotoroka wakachanganyika na nguruwe mwitu walioletwa kutoka Ulaya, na kundi moja likiingia kwenye karanga usiku, asubuhi mkulima hana cha kuvuna. Ndiyo maana tangu Septemba 2019 sheria ya jimbo haimdai leseni anayewawinda kwenye ardhi ya mtu binafsi, mradi mwenye ardhi ameridhia.

Basi kijana mmoja wa mjini akaridhiwa na mzee mwenye shamba, akaenda dukani kununua bunduki. Akachagua kaliba ya .223 Remington, ndugu wa risasi ya kijeshi ya M16. Ilikuwa nyepesi, haiumizi bega, na risasi zake ni za bei nafuu. Kosa kubwa lilikuwa kwenye risasi zenyewe: alichukua zenye kichwa cha gramu 3.6 na gamba jembamba, zilizotengenezwa kwa wanyama wadogo. Kichwa cha namna hiyo huruka karibu mita 1,000 kwa sekunde, na kikigusa nyama hupasuka papo hapo.

“Mwanangu, hizo si za nguruwe,” mzee alimwambia.

“Mzee wangu, kwa mwendo ule hakuna atakayesimama.”

Na kweli, wa kwanza hawakusimama. Walikuwa wadogo, wametulia kwenye mahindi ya chambo, naye akawapiga nyuma ya sikio. Naamini nguruwe wale ndio waliomharibu, kwa sababu walimfanya aone bunduki imejibu swali ambalo bado hajaulizwa.

Swali lilikuja jioni moja, umbali wa mita 80 hivi: dume mzima, mkubwa, amesimama kimshazari. Kijana akalenga bega. Madume hupigana kwa meno tangu ujana, na juu ya mabega yao hukua tabaka gumu la gegedu na ngozi ambalo kwa wakongwe huweza kupita unene wa sentimita 2. Wawindaji huliita ngao. Risasi iliyojengwa vizuri huipenya. Ile ya gamba jembamba ilisambaratika humo humo, na dume akakimbilia kwenye kichaka cha mesquite akiwa na maumivu.

Mnyama aliyejeruhiwa haachwi. Wakamfuata na mbwa wa mzee, giza likiingia. Dume akageuka, akampasua mbwa ubavuni kabla mzee hajammaliza kwa .30-30 yake, kaliba ya mwaka 1895 ambayo kijana alikuwa akiidharau. Walipochuna walikuta vipande vya risasi vimetapakaa ndani ya ngao, na hakuna kilichofika pafuni.

Kijana alifadhaika sana, na aliyefadhaika hununua vibaya. Alirudi na .300 Winchester Magnum, silaha inayotosha wanyama wakubwa mno kuliko nguruwe. Pigo la kitako lilimtesa begani, na baada ya siku chache za mazoezi akawa anafumba macho kabla ya kufyatua. Nguruwe aliyefuata alipigwa tumboni. Watu huliona kosa hili la pili kuwa dogo kwa kuwa linafanana na tahadhari. Mimi siafiki: mnyama aliyepigwa tumbo kwa risasi kubwa huteseka sawasawa na yule wa risasi ndogo.

Mzee hakumfukuza. Alimshauri .308 Winchester, iliyopo tangu 1952, yenye kichwa cha gramu kama 10 cha shaba tupu, kinachofunguka bila kuvunjika. Pigo lake begani linastahimilika, na risasi zake zinapatikana kila duka. Hata .223 ingefaa, alisema, kwa mpiga shabaha mtulivu mwenye risasi imara, asiyethubutu kufyatua mnyama akisimama vibaya. Kijana hakuwa mtu huyo bado.

Kisha akamlaza nguruwe aliyekufa ubavu na kumwonyesha pa kulenga. Waliozoea kuwinda kulungu hulenga nyuma ya bega, na kwa nguruwe hapo ni pabaya, kwa kuwa moyo na mapafu yake yamekaa chini na mbele. Asubiri mnyama asimame kiubavu, afuate mstari wa mguu wa mbele kwenda juu, asizidi theluthi ya chini ya kiwiliwili. Amkamate kwa glavu wakati wa kuchuna pia, maana nguruwe hawa hubeba brusela, ugonjwa unaoambukiza binadamu.

Mwisho akamwonyesha upande ambao hataruhusiwa kufyatua kabisa, hata dume asimame vizuri namna gani: ng’ambo ya uzio kuna nyumba ya jirani, na risasi ya .308 ikishamtoboa nguruwe huendelea na safari.