Ijumaa ya Mwisho ya Machi

Tangu Julai 2015, muziki mpya wa dunia hutoka siku ya Ijumaa. Kabla ya hapo kila nchi ilikuwa na siku yake, Marekani Jumanne, Uingereza Jumatatu, na katika mwanya huo nyimbo zilisambaa mtandaoni kwa wizi kabla hazijafika madukani kwa wengine. Kampuni za muziki zikakubaliana siku moja kwa wote. Sababu ilikuwa biashara tupu. Hata hivyo nimekuwa nikiitafakari siku waliyoiangukia, maana sisi tuliokulia pwani tumeijua Ijumaa tangu utotoni kuwa siku ya kukusanyika na kusikiliza. Mtu anaoga, anavaa kanzu safi, anakwenda kuketi, na hotuba ikishaanza haruhusiwi hata kumwambia jirani yake anyamaze.

Wahakiki wa muziki wana Ijumaa yao pia. Wengi wao hutumiwa albamu mapema kidogo, wakaisikiliza, wakaandika, wakatoa maksi. Tangu 2001 kuna tovuti ya Metacritic inayokusanya maksi hizo kutoka magazeti na majarida mbalimbali, ikazigeuza zote ziwe za mia moja, kisha ikapiga wastani. Albamu ikipata 81 au zaidi huhesabiwa kuwa imesifiwa na wote. Mwezi ukiisha, yeyote anaweza kutazama ni kazi zipi zilizoshika nafasi za juu. Siibezi kazi hiyo. Albamu zinazotoka kila wiki hakuna binadamu anayeweza kuzimaliza, na mtu anayetusikilizia mapema na kutuambia wapi pa kuanzia ametufanyia hisani.

Mwezi ninaourudia sana ni Machi 2021. Ulikuwa na Ijumaa nne. Ya kwanza, tarehe 5, alitoka Genesis Owusu, kijana aliyezaliwa Ghana na kukulia Canberra, na albamu yake Smiling with No Teeth inayozungumzia sonona na ubaguzi wa rangi kama mbwa wawili weusi wanaomwandama mtu mmoja. Mwaka huohuo Australia ikaipa tuzo ya albamu bora. Tarehe 12 ilikuwa zamu ya Valerie June wa Tennessee. Tarehe 19 akaja Loretta Lynn, bibi wa miaka 88, na albamu yake ya 50, na siku hiyohiyo Jon Batiste akatoa We Are, ambayo mwaka uliofuata ilichukua Grammy ya albamu ya mwaka.

Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe 26. Mtanzania hahitaji kukumbushwa siku hiyo: ndiyo siku Rais John Magufuli alipozikwa Chato. Redio zilikuwa za maombolezo, watu wamekaa mbele ya runinga. Wakristo walikuwa ndani ya Kwaresima, Jumapili ya Matawi iko keshokutwa. Waislamu walikuwa wanaikaribia nusu ya Shaabani. Dunia nzima ilikuwa bado imeshikwa na korona. Siku hiyo, bila sisi wengi kujua, ilitoka albamu iitwayo Promises, na wahakiki wakaipandisha hadi miongoni mwa kazi zilizosifiwa kuliko zote mwaka ule.

Ilitengenezwa na watu wawili na okestra moja. Wa kwanza ni Sam Shepherd wa Manchester, anayejiita Floating Points, kijana wa muziki wa mitambo ambaye ana shahada ya udaktari ya sayansi ya neva. Wa pili ni mzee Pharoah Sanders, mpiga saksafoni wa jazi aliyezaliwa Little Rock, Arkansas, Oktoba 1940. Walirekodi Los Angeles mwaka 2019, Sanders akiwa anaelekea miaka 79. Mwaka uliofuata, katikati ya korona, wapiga fidla na wenzao wa London Symphony Orchestra wakaongeza sehemu yao kule London. Picha ya jalada ni mchoro wa Julie Mehretu, mzaliwa wa Addis Ababa.

Ni kazi moja ya dakika 46, imegawanywa sehemu tisa zisizo na majina, zina namba tu. Inaanza na kifungu kidogo cha noti saba, kinachopigwa kwa piano, hapsikodi na selesta kwa pamoja, kikapanda na kukatika kama swali ambalo halijamaliziwa. Kinanyamaza. Kinarudi vilevile. Kinanyamaza tena. Kitu cha kwanza nilichokigundua ni kwamba ukimya ule katikati una mambo yake: kuna mikwaruzo midogo ya vyombo, kuna pumzi ya chumba. Mzee hana haraka ya kuingia. Anaacha kifungu kipite, kikapita tena, ndipo anapuliza, kwa upole ambao aliyezijua albamu zake za zamani asingeutarajia, na katika saksafoni yake unasikia upepo kabla ya kusikia sauti. Kwenye sehemu ya nne anaiweka saksafoni kando na kutoa sauti ya kinywa, isiyo na maneno, kati ya kunong'ona na kuguna. Sehemu ya sita fidla zinajaa mpaka chumba hakitoshi. Kifungu kile cha noti saba hakibadiliki muda wote huo, mpaka kuelekea mwisho kinapotoweka, na hapo ndipo unapotambua kwamba ulikuwa umekiegemea.

Aliyewahi kuketi kwenye dhikiri anaijua hali hii. Neno moja linarudiwa mara nyingi kupita kiasi cha akili kulichambua, na kurudiwa huko hakuongezi habari yoyote mpya. Mara ya kumi neno ni lilelile la mara ya kwanza. Anayebadilika ni mwenye kulitamka.

Sanders hakufika kwenye upole huo bure. Alikwenda New York mapema miaka ya 1960 akiwa hana kitu, akalala mitaani, mpaka Sun Ra, kiongozi wa bendi ya jazi, alipompa mahali pa kuishi. Mwaka 1965 mpiga saksafoni John Coltrane alimchukua kwenye kundi lake, wakapiga pamoja hadi Coltrane alipofariki Julai 1967. Wakati ule saksafoni yake ilikuwa ukelele. Wapo wasikilizaji walioshindwa kuvumilia wakatoka ukumbini. Lakini tazama majina aliyozipa albamu zake mwenyewe. Ya 1967 aliiita Tauhid, jina ambalo mtoto wa chuoni Lamu au Unguja hahitaji kufafanuliwa. Ya 1969 akaiita Karma, na nusu yake na zaidi ni wimbo mmoja mrefu wa kumsifu Muumba. Ya 1970 aliipa jina kwa maneno ya Suratul Baqara, yale yanayowataja watu walio viziwi, mabubu na vipofu. Mwaka 1994 akawa Morocco, anapiga na bwana wa muziki wa Gnawa, Mahmoud Ghania, miziki ya usiku ya kuponyea watu. Mtu huyu alikuwa anasali kwa shaba tangu ujana wake. Mwanzoni alisali kwa kupaza sauti, uzeeni akasali kwa kuishusha.

Hili ndilo linalonikalisha kitako. Wahakiki ni watu wa haraka, kazi yao inawalazimisha hivyo, na wengi wao hawaandiki kama watu wa dini. Lakini mara kwa mara ule mwezi wanaokubaliana kwa sauti moja ni mwezi ambao mtu fulani amesimama mbele ya kaburi au mbele ya Mola wake. Oktoba 2016 Leonard Cohen alitoa You Want It Darker, ameimba na kwaya ya sinagogi la utotoni mwake kule Montreal. Siku 17 baadaye akafariki. Oktoba 2019 walimwinua Nick Cave kwa Ghosteen, albamu ya baba aliyempoteza mwanawe wa miaka 15 mwaka 2015. Machi 2021 wakamwinua Sanders. Sidai kwamba ni kanuni, kwa sababu ipo miezi mingi ambayo walioshinda ni vijana wenye ngoma za kuchezeka, na furaha nayo ina haki yake. Ninachosema ni kwamba hata sikio lililochoka kwa kusikiliza albamu nyingi hutambua pale mtu anapoacha kujionyesha.

Na hapa ndipo maksi zinapofika mwisho wa uwezo wao. Tisini kwa mia inaweza kuniambia kwamba watu makini wengi wamekubali. Haiwezi kunisikilizia. Mtu aliyesoma kwamba Promises imesifiwa, akaiweka huku anajibu ujumbe kwenye simu, akaifunga dakika ya sita kwa kuwa "hakuna kinachotokea", hakosei kuhusu alichokisikia. Kweli hakuna kilichotokea, kwa sababu yeye hakuwepo. Muziki wa namna hii unamhitaji msikilizaji alete nusu yake, na nusu hiyo haipatikani kwa mhakiki yeyote hata awe mkweli namna gani.

Nimeona pia jinsi orodha za mwezi zinavyoweza kutuharibu bila kukusudia. Zinatufundisha kuhesabu. Tunamaliza mwezi tumeonja albamu nyingi na hatujashiba hata moja, kisha Ijumaa nyingine inafika na mpya zake. Wazee wetu walikuwa na sahani chache za santuri, wakazijua mpaka mikwaruzo yake. Sitamani kurudi huko. Leo kijana wa Tabora anaweza kumsikia Sanders bila kumwomba mtu ruhusa, na hiyo ni neema. Lakini ule ujuzi wa kukaa na kazi moja mpaka ikufunguke bado ni wajibu, na unazidi kuwa mgumu kadiri mlango unavyozidi kuwa wazi.

Mara ya kwanza niliisikiliza albamu hii nikisubiri tukio. Nilingoja saksafoni ipasuke kama ilivyopasuka miaka ya Coltrane. Baadaye, usiku mmoja umeme umekatika na simu ina chaji kidogo, niliisikiliza kwa visikilizi nikiwa sina kingine cha kufanya, na sikungoja chochote. Nilisikia mzee anavuta pumzi kabla ya noti. Ni jambo dogo, pumzi tu, na mafundi wa studio wangeweza kuifuta. Waliiacha. Nikaona kwamba pumzi ile ilikuwa sehemu ya noti, na kwamba aliyeipuliza alijua hazikubaki nyingi.

Pharoah Sanders alifariki Los Angeles tarehe 24 Septemba 2022, akiwa na miaka 81. Promises ilikuwa albamu yake ya mwisho. Septemba 2023 kazi hiyo ilipigwa hadharani Hollywood Bowl, na sehemu yake akaishika Shabaka Hutchings, Mwingereza wa kizazi kingine kabisa, ambaye hakujaribu kumwiga mzee.

Mwezi huu nao utaleta orodha yake. Isome, ndugu msomaji, na uwashukuru walioiandika. Halafu chagua albamu moja tu, weka simu mbali, isikilize mwanzo hadi mwisho, na kesho yake uirudie kabla hujaenda kwenye ya pili. Kama huna pa kuanzia, anza na hii ya dakika 46.