Silaha Zipitazo Mlangoni Petu: Je, Nasi Tuna Dhima?

Katika darasa yetu ya baina ya Magharibi na Isha hapa Mtito Andei, alihudhuria ndugu mmoja dereva wa lori, mtu wa Mombasa, aliyeshuka kuswali na kula chakula kabla ya kuendelea na safari yake ya bara. Tulikuwa tukisoma mlango wa biashara, tukafika pale wanazuoni wanapozungumza juu ya kumuuzia zabibu mtu ajulikanaye kuwa huzikamua akafanya ulevi. Ndugu yetu akasema: "Sheikh, mimi si muuzaji wa zabibu. Mimi nachukua makontena yaliyopigwa lakiri, na kilichomo ndani sikijui. Je, serikali ikiuza silaha kwa dola rafiki iliyomo vitani, au ikazifungulia njia zipite, dhambi ni ya nani?" Wenzetu wakanyamaza, kwani kila mmoja alijua anakusudia nini. Tumeona suali hili lastahili kujibiwa kwa maandishi, walisome na ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu, maana bandari ni yao na njia ni yetu.

Mji wetu huu u katikati ya safari ya Mombasa na Nairobi, baina ya mbuga mbili za Tsavo, na riziki yake aghlabu ni barabara na reli. Wenyeji Wakamba waliuita msitu wa tumbusi. Kila kiendacho Nairobi kwa gari moshi kutoka Kilindini hapana budi kipite hapa.

Basi tukumbuke khabari ya meli Faina. Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli hiyo ya Kiukraine ilipokuwa ikija Mombasa, na dunia ikashtuka kusikia kuwa tumboni mwake mlikuwa na vifaru 33 vya aina ya T-72 pamoja na silaha nyingine na risasi nyingi. Serikali ya Kenya ikasema mali hiyo ni yake. Watu wakastaajabu, kwani vifaru vya jeshi la Kenya tangu zamani vilikuwa Vickers vya Kiingereza, na hivi ni vya Kirusi. Tena katika hati za meli zilionekana herufi GOSS, ambazo ni ufupisho wa jina la Kiingereza la Serikali ya Sudan Kusini. Wakubwa wakatoa tafsiri nyingine ya herufi hizo, kuwa eti ni namna tu ya kutaja vifaa vya jeshi na ulinzi kwa jumla. Bwana Andrew Mwangura wa Mombasa, aliyekuwa akiwatetea mabaharia, aliposema hadharani kuwa shehena ni ya Sudan, alikamatwa akapelekwa mahakamani.

Fidia ya zaidi ya dola milioni tatu ilipolipwa, meli ikaachiliwa Februari 2009 ikatia nanga Mombasa, na vifaru vikapakiwa katika mabehewa kuelekea kambi ya Kahawa, Nairobi. Baadaye, mwaka 2010, zilipofichuliwa barua za siri za balozi za Marekani, ilidhihirika kuwa shehena mbili kabla ya hiyo zilikwisha kupita Mombasa kwenda Sudan Kusini, na kuwa wakubwa wa Kenya walikuwa wakiwalalamikia Wamarekani kwa kuwabana juu ya jambo ambalo Wamarekani wenyewe walikuwa na khabari nalo tangu mwanzo. Hivyo waliokuwa wakitukanusha sisi raia, walikuwa wakikiri faraghani kwa wageni.

Huenda mtu akasema: "Wewe sheikh wamlaumu nani? Watu wa Kusini walidhulumiwa miaka mingi, wakatupiwa mabomu na ndege za Khartoum, na mkataba wa amani wa mwaka 2005 uliwaruhusu kuwa na jeshi lao. Mnyonge kusaidiwa silaha kuna ubaya gani?" Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Wala isifikiriwe kuwa twaitetea Khartoum kwa sababu watawala wake walikuwa wakijinasibisha na Uislamu. Dhulma ya Mwislamu ni dhulma, na pengine hesabu yake ni ngumu zaidi. Silaha si kama ulevi ambao asli yake ni haramu. Upanga humlinda mnyonge, na upanga huohuo humuua mnyonge.

Lakini Imam Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango makhsusi juu ya kuuza silaha wakati wa fitna, na humo ametaja kuwa sahaba Imran bin Husayn, Mungu amwie radhi, aliichukia biashara hiyo. Nao mafakihi wetu wa madhehebu ya Imam Shafii wamelifunga jambo hili kwenye ujuzi wa muuzaji. Akijua, au akiwa na dhana yenye nguvu, kuwa mnunuzi ataitumia silaha kukata njia na kudhulumu, ni haramu kumuuzia. Na akiwa na shaka tu, ni makuruhu. Kisha wakaongeza nukta moja ambayo twamwomba msomaji aishike vizuri. Wamesema kuwa juu ya uharamu huo, mkataba wenyewe wasihi. Mali imehama, thamani imelipwa, karatasi hazina kasoro, na dhambi iko palepale. Serikali zote za dunia, Uingereza na Marekani na Urusi na hizi zetu, zikiulizwa juu ya silaha hujibu kwa karatasi: leseni ipo, hati ya kumthibitisha mtumiaji ipo, sheria haikuvunjwa. Nasi twasema, hilo ndilo jibu la suali tusilouliza.

Tunalouliza ni hili: mlijua nini? Na katika khabari ya Faina hatuna haja ya kupekua nyoyo za watu, kwani uwongo wenyewe ni shahidi. Mtu hafichi anachokiona kuwa ni halali yake. Lau wangekuwa na yakini kuwa kumsaidia jirani mdhulumiwa ni haki, wangesimama bungeni wakasema: tumewafungulia njia ndugu zetu wa Kusini kwa sababu hii na hii, tuhukumuni. Badala yake aliyesema kweli ndiye aliyetiwa ndani.

Mwengine atatukumbusha kuwa vitani hila huruhusiwa. Naam, huruhusiwa dhidi ya adui. Je, Kenya ilikuwa na vita na nani? Ilikuwa ni msuluhishi! Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya ndiye aliyesimamia mazungumzo, na mkataba ukatiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005 mbele ya dunia nzima. Na mwaka 2006, Kenya ilikuwa mojawapo ya dola saba zilizoandika azimio la Umoja wa Mataifa la kutaka uwekwe mkataba wa kuidhibiti biashara ya silaha. Anayeketi baina ya wawili wanaogombana amepewa amana na wote wawili. Akitoka barazani akampelekea mmoja wao kisu kwa mlango wa uani, hata ikiwa huyo ndiye aliyedhulumiwa, amekwisha kuvua joho la usuluhishi, na kubaki nalo mabegani ni khiyana.

Kisha kikaja kile tunachokijua sote. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011, na Desemba 2013 jeshi lilelile lililopewa silaha ili likingane na Khartoum likapasuka likapigana lenyewe kwa lenyewe, kuanzia Juba. Watafiti wa London walikadiria mwaka 2018 kuwa karibu watu laki nne walikuwa wamekufa kwa sababu ya vita hivyo. Umoja wa Mataifa haukuzuia silaha kuingia huko ila Julai 2018. Wanawake na watoto wakakimbilia Kakuma, katika ardhi ya Kenya hiyohiyo. Yawezekana kusema hakuna aliyejua yajayo, nasi twakubali kuwa ghaibu ni ya Mungu. Ila mwaka 1991 jeshi hilo lilikwisha kugawanyika, na raia wengi wakauawa Bor kwa ajili ya mgawanyiko huo. Na baadhi ya viongozi wa wakati ule ni wale wale. Je, hiyo si dhana yenye nguvu?

Wala sisi watu wa pwani tusijitie usafi. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja aliandika kuwa bunduki baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kutoka pwani yetu. Zilichukuliwa na misafara, zikabadilishwa kwa pembe na kwa watu. Waliozitengeneza walikuwa Ulaya; waliozipitisha walikuwa na misikiti mizuri na majumba ya mawe, na wengi wao waliswali safu ya kwanza. Nao pia walikuwa wakisema: tusipouza sisi, watauza wengine. Neno hilo halijapata kumwokoa mwizi mbele ya kadhi, na hatujui kwa nini limwokoe waziri.

Twasema haya kwa sababu mambo hayajakwisha. Kenya ina kiwanda chake cha risasi Eldoret, na mwaka 2021 kilifunguliwa kiwanda cha bunduki huko Ruiru. Februari 2025 kundi la RSF, ambalo mikono yake imerowa damu ya watu wa Darfur, lilikusanyika Nairobi pamoja na wenzake kutia saini mapatano ya kuunda serikali yao. Serikali ya Sudan ikaituhumu Kenya kuwa inalisaidia, na Kenya ikakana. Kukana tu hakutoshi kwa waliokwisha kukana jambo la Faina. Yatupasa tuwaulize wabunge wetu tuliowachagua, kwa upole na kwa kurudia: ni nini kinachoshuka Kilindini, ni cha nani, na kinakwenda wapi?

Ama ndugu yetu dereva, tulimjibu hivi. Ujira alioula hali hajui ni halali yake, wala hakukalifishwa kuvunja lakiri za watu. Lakini akiona dalili, kama shehena iliyoandikwa vyakula ikasindikizwa na askari usiku, asijifanye kipofu. Na akiwa na yakini, aiache. Akasema, "Nikiiacha, Sheikh, wako madereva ishirini langoni wanaoingoja." Tukamwambia kuwa tunajua. Akauliza tena kama darasa itamsaidia mwezi wa kwanza atakaokaa bila kazi. Hapo wenzetu wakatazamana, na mwenye mkahawa wa karibu na stesheni akasema yeye ataanza kwa kodi ya nyumba. Sanduku la mchango limewekwa upande wa kushoto wa mlango wa msikiti.