MUNGU ALISIKIA SAUTI YA NANI?

Somo: Mwanzo 21:9–20



Mara nyingi tunasikia kwamba bwana fulani na mkewe wametengana, na kesi iko mahakamani. Nyumba na shamba wamekwisha kugawana, amebaki mtoto. Kila mmoja anaomba akae naye peke yake. Nasi jamaa na majirani hukata shauri kabla ya hakimu. Huyu husema mahari ililipwa, basi mtoto ni wa baba. Yule husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, basi mtoto ni wa mama.

Tulitazame somo letu. Nyumba ya Ibrahimu iligawanyika. Jambo hilo lilimwuma sana, maana Ishmaeli alikuwa mwanawe. Aliamka mapema, akampa Hajiri mkate na kiriba cha maji, akamwaga pamoja na kijana. Huko jangwani maji yakaisha. Hajiri akamlaza mwanawe chini ya kijiti, akaenda kuketi mbali ili asimwone akifa, akalia. Lakini angalieni sana neno linalofuata. Mwandishi hasemi kwamba Mungu alisikia kilio cha mama, wala uchungu wa baba aliyebaki nyumbani. Asema Mungu alisikia sauti ya kijana. Na hiyo ndiyo maana ya jina Ishmaeli: Mungu husikia.

Wakubwa wanapolia, kilio chao hufunika kile cha mtoto. Sisi walimu tumewaona watoto hodari wakianza kusinzia darasani. Ukiuliza, kumbe juma hili mtoto analala kwa baba, juma lijalo kwa bibi yake, na madaftari yamebaki huko alikotoka. Halalamiki. Anaogopa akimtaja mmoja kwa wema, mwingine atakasirika.

Sheria ya nchi yetu haiko mbali na somo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaagiza kwamba jambo kuu la kuangaliwa na mahakama ni ustawi wa mtoto. Matakwa ya wazazi na mila za jamii husikilizwa, na mtoto mwenye umri wa kutoa maoni yake mwenyewe naye husikilizwa. Aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa ni heri akae na mama. Lakini mahakama hutazama pia ubaya wa kumsumbua kwa kumhamisha-hamisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo yatanguliza maslahi ya mtoto. Hakuna mahali panaposema mtoto ni tuzo ya mshindi.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, wenye ugomvi waende mapema kwa mchungaji, na kwa Baraza la Usuluhishi la Ndoa, wakitafuta amani kweli. Wengine hulifikia Baraza ili wapate hati tu ya kupeleka mahakamani.

Pili, anayeomba kukaa na mtoto peke yake ajiulize mbele za Mungu: naomba kwa ajili yake, au kumwadhibu mwenzangu? Kama kule kwingine kuna kipigo, ulevi au hatari, aombe bila haya. Kumlinda mtoto si dhambi. Lakini asiseme uongo kizimbani, wala asimfundishe mtoto kusema uongo.

Tatu, aliyepewa mtoto asimfungie mlango mwenzake. Mahakama huweza kuagiza mtoto amtembelee mzazi asiyekaa naye. Agizo hilo litiiwe kwa moyo. Na baba aliyenyimwa mtoto asisahau kwamba chakula, mavazi na masomo bado ni wajibu wake. Ibrahimu alitoa kiriba kimoja, nacho hakikutosha safari.

Ninyi mababu, mabibi, wajomba na mashangazi, msimpokee mtoto kwa kumsema vibaya baba yake au mama yake. Nusu ya damu yake mnaitukana.

Mungu alimfumbua macho Hajiri, akaona kisima, akamnywesha kijana. Miaka ikapita. Ibrahimu alipofariki, Mwanzo 25:9 yatuambia nani walimzika katika pango la Makpela: Isaka na Ishmaeli, pamoja. Yule mtoto aliyeondoshwa alikuwa bado anaijua njia ya kwa baba yake. Wazazi wenzangu, msiifute njia hiyo.

Bwana atupe masikio ya kusikia. Amina.