Ushahidi wa Jiwe Linalodidimia

Mwashi atundikapo timazi hana shaka nayo, kwa kuwa uzi ule hauuegemei ukuta anaoupima. Lau ungeuegemea, ukuta ungalipinda na uzi ukapinda nao, na jicho likaridhika na upotovu kwa kudhani ni unyofu. Hali kama hiyo iliwafika wapima ardhi wa jimbo la Louisiana, nchini Marekani, ambako udongo ulioletwa na mto Mississippi kwa maelfu ya miaka wajishindilia na kudidimia: alama za shaba zilizotiwa ardhini ziwe mashahidi wa vimo zilizama pamoja na nchi, na hesabu zilizoandikwa daftarini zikabaki vile vile, zikishuhudia kimo kisichokuwapo tena.

Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kiliupiga mji wa New Orleans, na uchunguzi uliofuata ukabaini ya kwamba baadhi ya kuta za kuzuia maji zilikuwa chini ya kimo kilichokusudiwa kwa kadiri ya futi 2, ama kwa kudidimia, ama kwa kuwa kimo cha alama kilichukuliwa kana kwamba ndicho usawa wa bahari. Upungufu huo si sababu pekee ya maafa, maana kuta nyingine zilianguka kwa udhaifu wa msingi kabla maji hayajafika ukingoni. Lakini watuachia suala zito: je, mtu anayeishuhudia kweli ya jana akiidhani ni ya leo, naye hana nia ya kudanganya, ana lawama?

Dini zetu zamlaani apunjaye kipimo kwa kusudi, na kwa hiyo aghalabu twadhani ikhlasi ya moyo yatosha kumwokoa mpimaji. Kwangu mimi haitoshi, kwa kuwa watu wamelala chini ya ukuta wakiitegemea kauli yake, na amana ya namna hiyo hudai kwamba kipimo chenyewe kipimwe.

Ndivyo wafanyavyo sasa wapima ardhi. Vituo vya kudumu vyapokea mawimbi ya setilaiti usiku na mchana. Na kwa kuwa setilaiti hutoa kimo juu ya duaradufu ya hesabu tu, isiyojua maji yatateremkia wapi, kuanzia 2007 ndege zilitumwa kuupima mvutano wa ardhi, ili vimo visikosee zaidi ya sentimita 2. Hata hivyo setilaiti nazo husahihishwa kutoka katika ardhi hii hii itembeayo, kwani mahali pa kusimama nje ya viumbe ni pa Muumba peke yake.

Kwa hiyo lanigusa jambo moja dogo: kimo cha New Orleans siku hizi huandikwa pamoja na wakati wake, mathalan 2004.65, yaani mwezi wa Agosti wa mwaka ule. Tarehe hiyo haikipunguzii kimo thamani. Ndiyo inayokifanya ushahidi wa haki, kwa kuwa yamwambia ajaye ni lini arudi kupima.