KUGEUKA SI KUSHINDWA

Somo: Matendo ya Mitume 27:9–44

Mwambie jirani yako: "Kuona uwanja si kutua."

Sisi wa Miritini mngurumo wa ndege tumeuzoea, hata mtoto mchanga haamki. Lakini msimu wa kusi ukishika, hebu inua macho uangalie ndege ndogo ikija kutua pale Moi. Njia ndefu ya kutua imelala kati ya kaskazini-mashariki na kusini-magharibi, na upepo wa kusi unatoka kusini-mashariki. Unaipiga ndege ubavuni. Kwa hiyo rubani anaelekeza pua kwenye upepo, ndege inakuja mshazari kama kaa wa ufuoni, na karibu na lami ndipo anainyoosha. Akikosea, bawa linaweza kugusa chini au magurudumu yakatoka njiani. Akiona haijakaa sawa, anaongeza nguvu, anapaa tena, anazunguka aje upya. Abiria watanung'unika, lakini watafika.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilikuwa inakwenda kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Uwanja ulikuwa karibu kabisa. Ikaanguka Ziwa Victoria. Watu 43 walikuwemo. 19 wakafa, 24 wakapona, na wavuvi wakakimbilia kuwaokoa. Mimi simhukumu mtu. Marubani nao walifariki. Nasema hivi tu: pale karibu na mwisho ndipo pa kuogopwa.

Sasa tazama Paulo. Aliwaonya wasiondoke Bandari Nzuri. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Halafu, jamani, upepo wa kusini ukavuma taratibu, wakadhani mambo yamekubali! Kumbe dhoruba iko nyuma. Merikebu ikavunjika, shehena ikapotea. Upepo mwanana si lazima uwe ndiyo ya Mungu. Amina?

Na mimi leo sina budi kusema ukweli mbele yenu. Ile ploti tuliyotaka kununulia kanisa, wazee waliniambia, "Mchungaji, tungoje kwanza hati ichunguzwe." Mimi nikasema tumekaribia mno kurudi nyuma. Nikaita woga wao ukosefu wa imani. Tukalipa arbuni, na mwenye kuuza hakuwa mwenye ardhi. Zile zilikuwa sadaka zenu, pesa za mama wa mahamri na kijana wa bodaboda. Wazee waliona upepo. Mimi niliona uwanja tu. Naomba mnisamehe.

Kuna mtu anasoma hapa, kadi za harusi zimeshachapishwa lakini moyo hauna amani. Mwingine kesho anatia sahihi mkopo kwa sababu ameona aibu kusema hapana. Ndugu yangu, dada yangu, zunguka! Aibu ya kugeuka ni ya siku moja.

Na kama umeshaanguka, usikate tamaa. Watu 276 wa merikebu ile wote walifika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Kanisa, tuwe wavuvi: tukimbilie aliyeanguka kabla ya kuuliza nani alikosea.

Tuombe: Bwana, tupe sikio la kusikia onyo, na unyenyekevu wa kuzunguka tena. Katika jina la Yesu, amina.