Mvuke Badala ya Moshi

Kanisa letu la Kimbanguiste linatukataza tumbaku. Siku hizi kuna sigara ya umeme: haichomi jani, bali hupasha moto kimiminika chenye nikotini hata kitoe mvuke. Ndugu mvuvi, aliyezoea kuvuta usiku kucha ziwani akingojea ndagala penye taa, anauliza: nikiishika hiyo ili niache sigara, je, nimetenda dhambi?

Tusimjibu kwa haraka. Moshi wa sigara una lami na sumu nyingi zinazoua. Mvuke una sumu chache zaidi, ijapokuwa si hewa safi. Huko Uingereza madaktari huwashauri wavutaji watumie njia hiyo. Uganda iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 2015. Lakini nikotini, ile hasa inayomfunga mtu, imo katika vyote viwili.

Anayevuka kutoka Baraka kwenda Ubwari hupanda mtumbwi, wala hatumwiti mkaidi kwa kuwa hajafika. Ila tutashangaa akijenga humo. Basi sisi wenye ugoro mfukoni tusimcheke. Tumwulize kwa upole kila juma: ndugu, umeipunguza?