Majibu Yaliyokuta Kitanda Kitupu

Rory Staunton alikuwa na miaka 12, mtoto wa Queens, New York. Siku moja ya Machi 2012 alirukia mpira kwenye ukumbi wa michezo wa shule, akaanguka, akachubuka mkono. Akabandikwa plasta, basi. Nani hajachubuka utotoni?

Usiku akaamka anatapika, mguu unamuuma, homa imepanda. Kesho yake daktari wake akamwona, akampeleka idara ya dharura. Huko walisema ni tumbo na upungufu wa maji. Wakamtundikia dripu, wakamtoa damu ya kupima, wakampa dawa ya kuzuia kutapika, wakamruhusu arudi nyumbani.

Yapata saa 3 baada ya yeye kuondoka, maabara ikatoa majibu. Chembe nyeupe changa, zile ambazo uboho huzitoa hata kabla hazijakomaa kwa sababu adui amezidi nguvu, zilikuwa nyingi kupita kiasi. Damu ilikwishasema: hili si tumbo. Mwenye kuambiwa ndiye hakuwepo, na wazazi wake hawakupigiwa simu. Ilikuwa sepsisi, mwili kujiunguza wenyewe ukipigana na vijidudu. Hapa vilikuwa bakteria aina ya streptokoki. Rory alifariki Aprili 1.

Wataalamu wamepiga hatua tangu hapo. Daktari Hector Wong na wenzake wa Cincinnati walitengeneza PERSEVERE, kipimo kinachosoma protini chache za damu ya siku ya kwanza na kukadiria ni mtoto gani yuko karibu zaidi na kifo. Siibezi kazi hiyo. Ila kila nikisoma habari za viashiria vipya naikumbuka ile karatasi ya maabara, iliyotokana na kipimo cha kawaida kabisa, cha bei nafuu, na bado ilikuwa na jibu. Kipimo hakina miguu ya kumfuata mgonjwa.

Wazazi wa Rory hawakunyamaza. Mwaka 2013 jimbo la New York likatoa kanuni zinazoitwa kwa jina la Rory. Hospitali zililazimishwa kuwa na utaratibu wa kuitambua sepsisi mapema na kuitibu bila kusubiri. Na kuna kifungu kingine, kidogo, ambacho mimi nakiona ndicho kizito: mtoto asiruhusiwe kwenda nyumbani mpaka vipimo vinavyoweza kufichua hatari viwe vimetoka, na daktari amevisoma.